Kompyuta imekuwa nzito: diski inasubiri nini?

Mama mmoja mwenye steshonari aliniletea kompyuta yake ya mezani kwa bajaji, ameipakata kama mtoto mgonjwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii kitu imerogwa. Naiwasha, nachemsha chai, nakunywa, narudi, bado inazungusha viduara."

Fundi wa kwanza alimwambia anunue ramu, akanunua. Wa pili akampigia Windows upya, akalipa. Uzito uko palepale. Nikaifungua ubavuni, nikaiwasha, nikalaza kiganja juu ya diski. Diski nzima ikiwa kazini unaisikia mkononi: vichwa vinakwenda na kurudi, na kuna mtetemo mdogo kama wa simu iliyo mfukoni. Hii ilitetemeka sekunde mbili, ikanyamaza kama kumi hivi, ikatetemeka tena. Huko kunyamaza ndiko kulikonionyesha pa kuanzia, na nitakueleza mbele.

"Nzito" ni neno la mwenye kompyuta, na kwake linatosha. Fundi halimsaidii. Karibu kila diski inayolalamikiwa kuna kitu inakisubiri: kichwa kifike, sahani izunguke, sekta (kipande kidogo cha sahani) iliyo mbovu isomeke, kebo ipitishe data bila makosa, umeme utoshe. Ukishajua inasubiri nini, hutanunua kifaa kisichohitajika.

Hesabu ndogo kabla ya bisibisi

Diski ya sahani ni ndugu wa santuri. Kuna sahani inayozunguka na mkono wenye kichwa unaoingia na kutoka. Tofauti ni kwamba sindano ya santuri inagusa, ilhali kichwa cha diski kinaelea juu ya sahani kwa umbali wa nanometa chache tu.

Diski nyingi za laptopu zinazunguka mara 5400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde. Mzunguko mmoja unachukua milisekunde 11, na milisekunde ni sehemu ya elfu ya sekunde. Data unayoitaka inaweza kuwa ndiyo kwanza imepita chini ya kichwa, au iko karibu kufika, kwa hiyo kwa wastani unasubiri nusu mzunguko: milisekunde 5.6. Kabla ya hapo mkono umehamia kwenye mstari wa duara wenye data hiyo, na kwa diski ya laptopu safari hiyo ni kama milisekunde 12. Jumlisha: karibu milisekunde 18 kwa kila ombi moja. Maana yake ni kwamba diski hiyo haihudumii hata maombi 60 yaliyotawanyika kwa sekunde. Kila ombi likiwa la kilobaiti 4, kama mengi ya Windows yalivyo, unapata kilobaiti 230 kwa sekunde. Na hiyo ndiyo diski ileile ambayo ukiipa filamu moja kubwa iliyolala mfululizo inasoma megabaiti 100 kwa sekunde bila jasho.

Kwa hiyo mtu akiniuliza diski hii ina kasi gani, nami namuuliza: kwa kazi ipi?

Diski ya mezani ya mizunguko 7200 ina nafuu kidogo. Nusu mzunguko ni milisekunde 4.2 na mkono unafika kwa kama milisekunde 9. Zile za seva za mizunguko 15,000 zilishusha nusu mzunguko hadi milisekunde 2, zikawa zinachemka na kupiga kelele. Lakini usinunue diski kwa kuangalia mizunguko peke yake. Data inapobanwa zaidi kwenye sahani, kila mzunguko unapitisha nyingi zaidi chini ya kichwa. Ndiyo maana diski ya laptopu ya terabaiti 1 yenye mizunguko 5400, kwenye faili kubwa, inaipita diski kongwe ya gigabaiti 80 yenye mizunguko 7200.

Jambo jingine linalowatisha watu bure: ukipima diski mwanzo hadi mwisho kwa programu kama HD Tune, mchoro unashuka kama mteremko. Hapo hakuna ubovu. Ukingo wa nje wa sahani ni mrefu kuliko wa ndani, umebeba sekta nyingi zaidi, na data inaanza kuandikwa nje. Karibu na katikati kasi inabaki kama nusu. Ogopa mashimo ya ghafla katika mchoro huo, mteremko wenyewe uache.

Diski ya kwanza kabisa ya kibiashara, ya IBM ya mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50 zenye kipenyo cha inchi 24, zikizunguka mara 1200 kwa dakika, na kufikia data kulichukua kama milisekunde 600. Tangu hapo ujazo wa diski umeongezeka mara mamilioni. Kusubiri kumepungua kama mara 50 tu.

"Diski iko asilimia 100, kila kitu kimeganda"

Fungua Task Manager, programu ya Windows inayoonyesha kinachoendelea ndani, nenda kwenye diski, na usiishie kwenye ile asilimia 100. Inakuambia tu kwamba muda wote kuna ombi linalosubiri. Soma namba tatu kwa pamoja: asilimia, kasi ya kusoma na kuandika, na muda wa kujibu.

Asilimia 100 na kasi ya megabaiti 90: diski ni nzima, kuna programu inayohamisha mzigo mkubwa. Subiri au ifunge.

Asilimia 100, kasi megabaiti 1 au 2, muda wa kujibu milisekunde mia hivi: vichwa vinakimbizwa huku na kule. Diski inaweza kuwa nzima kabisa. Imepewa kazi ndogondogo mia kwa wakati mmoja na kila moja iko upande wake.

Asilimia 100, kasi sifuri, muda wa kujibu maelfu ya milisekunde: hapo ni ugonjwa. Ruka hadi sehemu inayofuata.

Hali ya pili ndiyo ninayokutana nayo zaidi, hasa kwenye laptopu za mtumba zenye ramu ya gigabaiti 4. Fungua Resource Monitor, upande wa diski, panga kwa wingi wa kusoma na kuandika, uone nani anakula. Ukikuta faili la pagefile.sys liko juu muda wote, ramu imejaa na Windows inatumia diski kama ghala la dharura. Kivinjari chenye kurasa ishirini kinatosha kufika hapo. Kwa mtu huyo ushauri wa kununua ramu ni sahihi. Ule aliopewa mama wa steshonari haukuwa sahihi kwa sababu hakuna aliyeangalia.

Ukikuta masasisho ya Windows, antivairasi na uorodheshaji wa mafaili vinagombania mkono mmoja, iache mashine iwake bila kuguswa dakika ishirini. Watu wengi huwasha laptopu mara moja kwa wiki, wakachapa barua, wakazima. Kila wakiwasha, kazi zote zilizolundikana zinaanza upya, na kila mara zinakatishwa njiani.

Angalia pia nafasi iliyobaki. Diski ya sahani ikijaa hadi kubakiza asilimia tano, faili jipya linakatwa vipande na kupachikwa popote penye upenyo, tena upenyo huo mara nyingi uko upande wa ndani ulio na kasi ndogo. Futa, hamisha, kisha panga upya vipande kwa zana ya Windows yenyewe. Hii ni kwa diski ya sahani tu. SSD, ile diski ya chipu isiyozunguka, haina mkono wa kusogeza, usiihangaishe.

"Inasimama kabisa, halafu inaendelea kama hakuna kilichotokea"

Hapa ndipo mama alipokuwa. Kusimama kwa sekunde tano, kumi, hata thelathini kuna sababu kuu mbili, na zinafanana sana ukiziona kwenye skrini.

Ya kwanza ni sekta isiyosomeka. Kichwa kinasoma, hesabu ya ukaguzi inakataa, diski inasubiri sahani izunguke ijaribu tena, na tena, mamia ya mara, huku Windows imesimama mlangoni. Ya pili ni kebo. Data imesomwa vizuri kwenye sahani lakini inaharibika njiani kuelekea mazabodi, inatumwa upya, mawasiliano yanakatwa na kuanzishwa upya.

Zinatofautishwa na kumbukumbu ambazo diski inajiandikia yenyewe. Pakua CrystalDiskInfo, uangalie mistari minne. 05 ni sekta mbovu ambazo nafasi yake imekwisha kuchukuliwa na sekta za akiba. C5 ni sekta zinazosubiri kuamuliwa, na huo ndio ninaouangalia kwanza. C6 ni zilizoshindikana. C7 ni makosa ya mawasiliano kwenye kebo. Tahadhari moja: programu hiyo inaonyesha namba kwa hesabu ya kumi na sita isipobadilishwa kwenye mipangilio. Ukiona 1F usidhani ni msimbo wa siri, ni 31.

Diski ya mama: 05 sifuri, C5 sifuri, C6 sifuri. C7 ilikuwa na maelfu. Nikaiandika namba kwenye karatasi, nikafungua mafaili kadhaa, nikaangalia tena: imepanda. Kebo ya SATA, ile inayopeleka data kutoka diski hadi mazabodi, ilikuwa imekunjwa pembe kali nyuma ya kasha la kupitishia umeme, plastiki imepauka pale ilipokunjwa. Nikaweka nyingine iliyokuwa kwenye droo. Kompyuta ikawaka chini ya dakika moja na nusu, kwa diski ileile. Namba ya C7 hairudi sifuri hata ukibadilisha kebo, kwa hiyo usitegemee ifutike. Tegemea isimame.

Kama C5 ndiyo ina namba, mambo ni mengine. Acha kila kitu, toa data kwanza, ukianza na ile ambayo ukiipoteza hutalala. Usianze na chkdsk, amri ya Windows ya kukagua diski, ukiiambia ipitie sekta zote, wala kupanga upya vipande, wala kupiga Windows. Zote hizo zinailazimisha diski inayokufa isome au kuandika kila mahali, na nimeona diski iliyoingia kijiweni ikisoma ikatoka kimya. Wewe ungemkimbiza mgonjwa wa moyo ili ujue kama anaumwa?

Ukitaka ushahidi zaidi, kumbukumbu za matukio za Windows zinasema. Tukio namba 7 linataja eneo bovu, 129 linaonyesha kifaa kimeanzishwa upya baada ya kukaa kimya, 153 linasema ombi lilirudiwa.

"Inagonga: tik, tik, tik"

Kabla ya kuizika, angalia umeme. Diski ya nje ya inchi 2.5 inaweza kuhitaji ampea 1 inapoanza kuzungusha sahani. Mlango wa USB 2.0 umepangiwa nusu yake. Ukichomeka kwenye mlango wa mbele wa kompyuta ya mezani, kupitia waya mrefu, sahani inaanza, umeme unashuka, vichwa vinarudi kwenye maegesho, inaanza tena. Unasikia tik. Jaribu mlango wa nyuma, kebo fupi, au kebo yenye vichwa viwili inayochota umeme kwenye milango miwili.

Ikigonga hata kwenye umeme mzuri, zima. Usiifungue kuangalia: chembe ya vumbi kwa kichwa kinachoelea nanometa chache ni jabali. Na ile dawa ya kuiweka kwenye friji, iache. Ikitoka inapata umande.

"Kukopi kunaanza vizuri halafu kunazama"

Anza na kebo na mlango, kwa sababu ni bure. USB 2.0 kwa kazi halisi inatoa megabaiti 30 hadi 40 kwa sekunde. Gigabaiti 500 kwa mwendo huo ni kama saa nne. Diski hiyohiyo kwenye USB 3.0, kwa megabaiti 110, inamaliza kwa saa moja na robo. Kuna mtego hapa. Tundu la diski nyingi za nje ni lile pana lenye sehemu mbili, na waya mwembamba wa simu wa zamani unaingia vizuri kwenye upande mmoja wake. Diski inawaka, inafanya kazi, na inakwenda kwa kasi ya USB 2.0 maisha yake yote. Kijana mmoja wa studio ya picha aliishi hivyo miaka miwili.

Halafu angalia unakopi nini. Picha elfu kumi si sawa na filamu moja yenye ujazo uleule, kwa sababu kila faili lina safari zake za mkono: data, jina, tarehe, mahali lilipo. Ukikopi makundi mawili kwa pamoja ukidhani unaokoa muda, mkono unarukaruka kati ya sehemu mbili na jumla inakuwa mbaya zaidi. Panga foleni.

Kama kila kitu ni sawa na bado kasi inaanza 120, inakaa hivyo kwa makumi ya gigabaiti, kisha inaanguka chini ya 20, huenda diski yako imeezekwa makuti. Sitanii. Ili kubana data zaidi, watengenezaji walianza kuandika mistari inayolaliana, kila mmoja ukifunika sehemu ya uliotangulia, kama makuti ya paa. Kusoma hakuna shida. Kubadilisha mstari wa chini kunamaanisha kuinua ya juu yote ya fungu lile na kuipanga upya. Ili usigundue, diski inapokea data kwanza kwenye eneo la kawaida la akiba, kisha inaihamisha ikiwa imetulia. Eneo hilo likijaa, unaanza kuona kazi halisi ya kuezeka. Mwaka 2020 wenye mifumo ya diski nyingi walilalamika hadi watengenezaji wakatoa orodha za aina zilizojengwa hivyo, kwani nyingine zilikuwa zimeuzwa bila kutajwa.

Diski ya namna hii haina ubovu. Iache ikiwa imechomekwa saa moja baada ya kazi kubwa, usiichomoe mara tu mstari wa kijani unapofika mwisho. Kwa kuhifadhi picha za harusi inafaa sana. Kwa kuhariri video juu yake, hapana.

Mtikisiko

Hii wengi hawaiamini. Mwaka 2008 mhandisi Brendan Gregg wa Sun Microsystems alirekodi video akizipigia kelele diski za seva, kwa mdomo wake, na mchoro wa muda wa kujibu ukaruka juu palepale. Kichwa kikitikiswa kinatoka kwenye mstari, kinasubiri, kinajaribu tena. Sasa fikiria spika ya besi juu ya meza moja na kompyuta, au jenereta nyuma ya ukuta. Feni iliyovunjika pangaboi hufanya vivyo hivyo kutokea ndani. Kama uzito unakuja muziki ukiwashwa, sogeza spika.

"Nimeweka SSD na bado"

SSD haina sahani wala mkono, hivyo kusubiri kunashuka hadi chini ya sehemu ya kumi ya milisekunde. Hapo ndipo unapohisi tofauti, kuliko kwenye megabaiti kwa sekunde. Laptopu ya zamani yenye SATA ya kizazi cha pili inakomea kama megabaiti 300 wakati SSD inaweza kufika 550, na bado mwenye nayo ataona kama kanunua mashine mpya. Usimwache akose usingizi kwa ajili ya hizo 250.

Ikibaki nzito, angalia haya. Kwanza, je, Windows iko kwenye SSD kweli, au ilibaki kwenye diski ya zamani iliyohamishiwa nafasi ya DVD? Nimekuta hivyo zaidi ya mara moja. Pili, imejaa? SSD inahitaji nafasi tupu ya kujipangia, na zile za bei rahisi huandika haraka kwenye eneo dogo la akiba, likijaa kasi inaweza kushuka chini ya diski ya sahani. Tatu, kama ni mashine ya zamani, huenda BIOS, yaani mipangilio ya mazabodi kabla ya Windows kuwaka, inaongea na diski kwa hali ya zamani ya IDE badala ya ile mpya ya AHCI. Usiibadilishe kwa pupa: Windows isipoandaliwa kwanza itagoma kuwaka. Nne, hakikisha Windows inaiarifu SSD kuhusu mafaili yaliyofutwa. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika fsutil behavior query DisableDeleteNotify. Jibu likiwa 0, ni sawa. Watu husoma sifuri wakadhani imezimwa, kumbe swali lenyewe limeulizwa kinyume.

Zile za NVMe, SSD zisizopita kwenye SATA, zinafika megabaiti 3500, 7000 na hata zaidi, zikipata joto zinajipunguza zenyewe. Kwa kuchapa barua na kufungua barua pepe hutaona tofauti na SSD ya SATA. Kwa anayehariri video kubwa, ataiona siku ya kwanza.

Ukifika mwisho wa haya, muda wa kujibu uko chini ya milisekunde 1, asilimia iko chini, na mashine bado inajikokota, diski haina kosa. Geuza laptopu, fungua skrubu za mfuniko, uangalie feni. Mara nyingi vumbi limeshikana kwenye mapezi ya kupoozea hadi limekuwa kama kitambaa, na prosesa imepunguza mwendo isiungue.